Kikohozi cha Bosi na Skrini Tatu za Injinia

Kompyuta ya Injinia ilikuwa na masikio! Msinicheke. Nilikaa naye meza jirani, mimi na mafaili yangu ya oda, na haya niliyaona kwa macho yangu haya mawili. Kompyuta za wenzake zilikuwa zinasubiri kubonyezwa. Yake ilikuwa inasikiliza nani anakuja.

Kwanza mjue mimi ni nani, msije mkasema huyu mama anaingilia yasiyomhusu. Yananihusu! Mimi ni shangazi wa binti ambaye Injinia alikuwa anamchumbia. Baba wa binti ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja, na kaka yangu ni mtu wa neno moja. Neno lenyewe lilikuwa hili: binti yake haolewi na mtu aliye kwenye majaribio. Kijana apate kwanza ajira ya kudumu, ndipo tukae tuzungumze harusi. Na kwa kuwa mimi na kijana tulikuwa ofisi moja, nikapewa kazi ya kumchunguza.

"Usimwonee, wala usimpendelee," kaka aliniambia. "Utakachokiona, hicho hicho utuletee."

Basi nikakodoa macho.

Kampuni yetu ni ya magodoro. Sisi wa oda tuko ghorofani. Chini kuna mashine zinakata sponji kutwa nzima, na vumbi la sponji linapanda ngazi bila kualikwa na kuja kukaa kwenye chai zetu. Injinia aliajiriwa kuingiza oda kwenye kompyuta: magodoro mangapi, inchi ngapi, ya nani. Basi! Uinjinia hakuna aliyempa. Alijipa mwenyewe siku aliyobadilisha betri ya saa ya ukutani, na hata hiyo saa mpaka leo inakwenda mbele.

Na mdomo sasa! Jamani, yule kijana alijaliwa mdomo.

"Shangazi," alikuwa ananiita shangazi kabla hata hajapeleka posa, "mimi na kompyuta tunaelewana. Nikiwaza tu, yenyewe inatenda."

"Basi iwazie hizi oda za jana ziingie," nikamjibu, "maana naziona bado zimelala mezani."

"Oda ni kazi ya mikono, shangazi. Mimi ni mtu wa kichwa."

Kichwa kweli alikuwa nacho, tena kikubwa. Kilichomo ndani ndicho tulichokuwa bado tunakitafuta.

Ugonjwa wake ulikuwa drafti. Alicheza na kompyuta asubuhi, akacheza mchana, akifungwa anaguna, anaanza upya. Kwa binti yetu alijigamba kwamba yeye ni bingwa, hajafungwa tangu azaliwe. Binti yetu amekua akicheza drafti na baba yake kibarazani kwa vizibo vya chupa. Alimsikiliza mchumba wake mpaka mwisho, akatabasamu, akasema, "Hongera." Mimi namjua mtoto wa kaka yangu. Lile tabasamu lilikuwa na mambo yake.

Kikwazo cha drafti kilikuwa bosi. Bosi wetu ni mtu mzima, mpole, na ana desturi yake moja: hapigi hodi, anakohoa. Anafika kwenye korido, anatoa "Ehm!" moja nzito, ndipo anafungua mlango. Anasema mtu mwenye adabu hawavamii wenzake kazini. Ile "Ehm" tulikuwa tunaijua wote. Ikisikika, aliyevua viatu anavaa, aliyesinzia anaamka akiwa tayari kashika kalamu, na aliyekuwa anapaka kucha rangi anatupa kichupa kwenye droo. Huyo wa kucha, msimtafute mbali.

Sasa Injinia akajiuliza, nihangaike mimi na kompyuta ipo? Akaacha oda, akainama wiki nzima anaandika skripti. Skripti, alinieleza huku amekunja nne, ni maagizo unayoiandikia kompyuta mstari kwa mstari, nayo inayafuata bila ubishi.

"Bila ubishi kabisa?" nikauliza.

"Kabisa, shangazi. Siyo kama watu wa humu ndani."

Akajitengenezea skrini tatu. Ya kwanza, Drafti. Ya pili aliiita Kazi, nayo ilikuwa grafu kubwa ya nguzo za rangi, nyingine ndefu, nyingine fupi, na hazikuwa na maana yoyote. Alizichora kwa kubahatisha, akaongeza nguzo moja nyekundu kwa sababu ati ilipendeza.

Ya tatu iliitwa Mimi.

Lo! Hiyo skrini ya Mimi! Ilikuwa picha. Injinia amekaa kwenye kiti cha bosi, siku bosi hayupo, kavaa koti la bosi, miguu iko juu ya meza ya bosi, na chini yake maandishi ya rangi ya dhahabu: MKURUGENZI MTARAJIWA. Alisema anaitazama akikata tamaa, inampa nguvu.

"Na hilo koti ulilirudisha?" nikamuuliza.

"Nitalirudisha tu. Kwa sasa linanipa mawazo."

Mambo yakawa hivi. Maikrofoni ya kompyuta inasikiliza muda wote. Ikisikia kikohozi, skrini inahama. Injinia yuko kwenye drafti, bosi huko nje "Ehm!", pap! Drafti imeyeyuka, grafu imeingia, na Injinia kashika kidevu anawaza mustakabali wa magodoro duniani. Bosi akiondoka, Injinia anabonyeza kitufe mara mbili, drafti inarudi, anafungwa pale pale alipoachia.

"Kwa nini mara mbili?" nikauliza.

"Zinazunguka, shangazi. Drafti, Kazi, Mimi. Drafti, Kazi, Mimi. Nimeiambia, ukisikia kikohozi, nenda skrini inayofuata."

"Na bosi akikohoa mara mbili?"

Akanitazama kwa huruma, kama mgonjwa. "Shangazi, bosi hakohoi mara mbili. Ulishamsikia hata siku moja?"

Kweli, sikuwahi kumsikia. Nikarudi kwenye kucha zangu.

Siku moja bosi aliingia, akapita meza yangu, akapita meza ya mhasibu, akasimama nyuma ya Injinia. Akaitazama grafu. Akavaa miwani, akaitazama tena.

"Hii nini?"

Injinia alijiweka sawa kitini. "Hii, mzee, ni mwenendo."

"Mwenendo wa nini?"

"Wa... wa usingizi."

Mimi nilijiinamia kwenye faili. Mhasibu alitoka nje kabisa.

"Na hii nyekundu iliyopanda?"

"Hao ni wateja wanaolala upande wa ukutani, mzee. Wanaongezeka kwa kasi."

"Hii ya kijani mbona imeanguka?"

"Wanaolala kifudifudi. Hali ya maisha imewageuza."

Mlitegemea bosi aangue kicheko? Na mimi pia! Bosi akavua miwani, macho yamemlowa. "Nimeuza magodoro tangu nikiwa kijana," akasema, "na hakuna siku niliyojiuliza wateja wangu wanalalaje. Hakuna!" Akamshika Injinia bega. "Alhamisi wenye kampuni wanakuja na Mama Mwenyekiti. Utawaeleza kitu hiki. Wakiridhika, ajira yako ya kudumu naisaini hapo hapo."

Mlango ulipofungwa, Injinia alicheza ngoma isiyokuwepo, akazunguka na kiti mpaka akaugonga ukuta. Jioni nikapiga simu nyumbani kutoa taarifa. Binti akampokonya baba yake simu.

"Shangazi, niambie ukweli. Anajua anachokifanya?"

"Mwanangu, anajua kukisema."

Akashusha sauti. "Mimi nampenda, shangazi. Mdomo wake naujua, na nampenda na mdomo wake. Lakini baba akishasema hapana, ndiyo imeisha, wewe unamjua."

Namjua sana. Siku ile moyo wangu uliingia upande wa yule kijana, ingawa kwa nje sikumwonyesha.

Jumatano bosi hakuja kazini. Mafua yamemlaza. Alhamisi asubuhi nikamwona akishuka kwenye gari kajifunga mtandio shingoni, anakohoa kama pikipiki inayokataa kuwaka. Nikapanda ngazi mbiombio mpaka chumba cha mkutano.

"Wewe! Bosi ana mafua. Zima masikio ya hiyo kompyuta sasa hivi!"

Injinia alikuwa kashaunganisha kompyuta na projekta inayoonyesha ukutani, na projekta yenyewe kaifunika na kofia yake. Kavaa koti. Kwa bahati, siyo lile la bosi.

"Shangazi, tulia. Watu wakubwa wakipata mafua wanameza dawa."

"Izime, nakwambia! Fungua grafu kwa mkono kama watu wengine."

"Kwa mkono?" Alishtuka kana kwamba nimemtukana. "Hata kidogo! Drafti iko tayari hapo chini ya kofia. Bosi atafika mlangoni, atakohoa, mimi naondoa kofia, na grafu itakuwa imekuja yenyewe. Yenyewe, shangazi! Wakiona hivyo, ajira watanibembeleza niichukue."

Ningeichomoa mimi mwenyewe, wallahi, lakini tayari wenye kampuni walikuwa wanaingia. Mama Mwenyekiti mbele, mama mdogo wa umbo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Nikakaa pembeni na karatasi zangu, maana muhtasari ndiyo kazi yangu.

Tukangoja bosi. Projekta ilikuwa ya moto, na kofia ikaanza kunuka kuungua.

"Kuna kitu kinaungua?" akauliza Mama Mwenyekiti.

"Ni teknolojia, mama," akasema Injinia.

Kwenye korido ikasikika, "Ehm!" Moja tu, safi. Kumbe kweli kameza dawa, nayo ilikuwa bado inafanya kazi. Injinia akanyakua kofia, na ukuta mzima ukajaa nguzo za rangi. Wageni wakapiga makofi. Bosi akaingia, akakuta makofi, akadhani ni yake, akainama.

"Imejuaje kuja yenyewe?" Mama Mwenyekiti akauliza.

"Inawatambua wakubwa, mama. Mimi ndiye niliyeifundisha heshima."

Akachukua fimbo ya kuonyeshea, akaupa ukuta mgongo, akatazama watu. Hilo la kuupa ukuta mgongo alilitoa kwenye video. Ati mtaalamu wa kweli hatazami grafu yake, anaijua kwa moyo.

Akaeleza wa ukutani. Akaeleza wa kifudifudi. Akaeleza kundi jipya la wanaolala kwa mshazari, ambalo nina hakika lilizaliwa dakika ile ile. Bosi alikuwa anatikisa kichwa kwa fahari, huku kajiziba mdomo na leso, uso umemwiva, machozi yanamtoka. Alijizuia, masikini. Alijizuia sana.

"Koh!"

Pap! Injinia mwenyewe akatokea ukutani, mkubwa kuanzia sakafuni hadi darini, miguu juu ya meza ya bosi. MKURUGENZI MTARAJIWA.

Injinia, mgongo kwa ukuta, akaona macho yamemtoka kila mtu, akadhani somo linawaingia. Akapeleka fimbo nyuma bila kugeuka. Ikatua sawasawa juu ya kichwa chake cha ukutani.

"Hapa sasa nawaomba umakini," akasema. "Hiki kitu hapa katikati msidanganyike na ukubwa wake. Kinavutia kwa kutazama tu. Nimekichunguza kwa muda mrefu, na nawahakikishia hakituingizii chochote."

"Hakika?" akauliza Mama Mwenyekiti, kavaa miwani.

"Hakika kabisa, mama. Kinachukua nafasi bure. Ushauri wangu wa kitaalamu, tukiondoe mapema!"

Nikampa ishara. Nikamkonyeza, nikapunga karatasi, nikapiga chafya ya uongo. Akanitabasamia. Alidhani namshangilia!

"Koh!" Bosi tena.

Ukutani ikaingia drafti, na maandishi mekundu yenye ukubwa wa mlango: UMESHINDWA TENA. KIWANGO: MTOTO. UNGEPENDA TUKURAHISISHIE?

"Na haya," akasema Injinia, kifua mbele, "ndiyo matokeo ninayojivunia."

Hapo mhasibu, aliyeletwa kujibu maswali ya hesabu, akaanguka na kiti. Injinia akageuka. Mungu nisamehe, ule uso sitausahau. Akairukia kompyuta, akabonyeza kitufe mara moja, grafu ikarudi.

"Ha! Ilikuwa tangazo!" akasema.

"Koh!" Mimi! Akabonyeza. Drafti. Akanyoosha kidole abonyeze tena, "Koh!", grafu ikaja yenyewe, lakini kidole kilishashuka, pap, Mimi! Akabonyeza mara mbili kwa haraka, bosi akakohoa mara tatu kwa haraka zaidi. Drafti, Kazi, Mimi, Drafti, Kazi! Wenye kampuni walikuwa wanageuza vichwa wote kwa pamoja. Mama Mwenyekiti akaanza kucheka, kicheko kikampalia, naye akaanza kukohoa. Sasa walikuwa wawili!

"Mama, tafadhali, usikohoe!" Injinia akalia.

"Nime... koh! Nimepaliwa... koh! Mwanangu!"

Akaona bora achomoe waya. Akachomoa waya wa feni. Karatasi zangu zikatulia, joto likapanda, skrini zikaendelea kukimbizana. Mwishowe kompyuta yenyewe ikachoka. Ikatoa mlio mmoja, ikaganda. Iligandia wapi? Kwenye Mimi, bila shaka!

Bosi akajifuta macho, akasogelea ukuta, akainama kutazama picha kwa karibu.

"Hilo koti ni langu," akasema. Sauti ilikuwa imekauka, ulikuwa mnong'ono tu.

"Ndiyo, mzee."

"Nimepekua nyumba nzima nalitafuta. Nimegombana na mke wangu kwa ajili ya hilo koti."

"Lipo salama, mzee. Nililitunza."

"Mimi swali langu ni ile drafti," akasema Mama Mwenyekiti, akijipepea. "Kiwango cha mtoto? Na pale kulikuwa na kete mbili wazi, ulikosaje kuzila?"

Injinia akakaa kwenye kiti kilichoanguka cha mhasibu, kikiwa bado kimeanguka, akajishika kichwa. Akanitazama mimi, siyo bosi. Nikajua anamfikiria nani, na jamani, nilimwonea huruma.

Wakubwa wakanong'onezana. Kisha bosi akamwita. Ilibidi tusogee wote ili tumsikie.

"Grafu ni uongo?"

"Ni uongo, mzee."

"Hata wa mshazari?"

"Hata wa mshazari."

Hilo lilimwuma bosi kuliko koti. Akapumua. "Lakini nimejifunza kitu. Kumbe ofisi nzima inategemea kikohozi changu, hata mashine! Na koo langu, kama unavyosikia, limekwisha. Kuingiza oda huwezi, tumeshaona. Sasa sikiliza. Kuanzia Jumatatu nakuwekea kiti nje ya mlango wangu. Kiti tu, kompyuta hakuna. Nikitoka, unatangulia. Nikitaka kuingia mahali, wewe ndiye unakohoa. Mara moja! Ukikohoa mara mbili, tumeachana."

"Kwa... kwa majaribio, mzee?"

"Ya kudumu," akanong'ona bosi. "Nilitoa ahadi."

Akasaini pale pale. Mimi ndiye niliyeandika muhtasari, na kwenye nafasi ya cheo nilikaa na kalamu muda mrefu.

Jioni ile nikaenda nyumbani kwa kaka. Wote wananingoja sebuleni, kaka, wifi, na binti kakaa ukingoni mwa kiti, anaminyaminya vidole.

"Vipi?" akauliza kaka. "Kapata?"

"Kapata."

"Ya kudumu?"

"Ya kudumu. Ina saini na muhuri."

Binti akaruka, akamkumbatia mama yake. Kaka akainua mkono tunyamaze.

"Na anafanya kazi gani hasa?"

Niliambiwa nisimwonee wala nisimpendelee. "Anakohoa," nikasema.

"Anaumwa?"

"Mzima kabisa. Ndiyo kazi yenyewe."

Kaka akanitazama, akamtazama mkewe, akaitazama dari. Mtu wa neno moja hana pa kukimbilia. "Nilisema ajira ya kudumu," akajisemea. "Sikusema ya nini."

"Na anakohoa vizuri?" akauliza wifi.

Jumapili ya pili yake kijana akaja kuonana na wakwe. Tulikuwa sebuleni, chai mezani. Nje ya mlango, badala ya hodi, tukasikia, "Ehm!" Moja tu, nzito, ya heshima. Kaka akajikuta ameshavaa viatu.

Binti naye akashtuka, akaigeuza simu yake kifudifudi haraka, akajitengeneza uso. Lakini mimi nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega, na kuchungulia ndiyo kazi niliyotumwa.

Ilikuwa drafti, kiwango cha Bingwa, na simu ilikuwa imebakiwa na kete moja.